Kabla ya kuuliza bei ya filta ya oili, uliza ikifa inaondoka na nini

Mabishano ya spea huwa hayaishi na karibu kila mara yanaanzia pale pale, orijino au ya kawaida. Mmoja anakwambia weka orijino au acha kabisa, mwingine anakwambia hao wanakula hela yako tu, filta ni karatasi na bati, zote sawa. Mi naona wote wawili wanabishania kitu cha pembeni. Kabla hujatoa hela jiulize hivi, hii spea ikifa inakufa peke yake au inaondoka na kitu kingine? Filta ya AC ikichoka utasikia harufu na upepo utakuja kwa kujivuta, basi, hakuna kilichoharibika. Raba za waipa ndo kabisa. Ila filta ya oili ikifa inaweza kuondoka na beringi za krankshafti, na tabo (kile kinachosukumia injini hewa) kama gari yako inayo, na tabo ni kitu kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku kimebebwa na utando mwembamba wa oili. Sasa ndo unamkuta mtu kanunua oili ya sintetiki ya bei kali halafu kwenye filta anauliza "ya chini kabisa mnayo?"

Kingine kinachoifanya hii filta iwe ya hatari kuliko spea nyingi ni kwamba ikiwa mbovu haisemi. Pedi za breki mbovu utazisikia zinalia au utaona gari haishiki, plagi mbovu gari inakosa nguvu, lakini filta ya hovyo gari inawaka vizuri, inatembea vizuri, taa ya oili haiwaki kwa sababu ile taa inaangalia presha na siyo usafi. Halafu siku injini inaanza kula oili na kugonga, kilomita zimeshakuwa nyingi, hakuna anayekumbuka kopo la filta lililofungwa miaka hiyo, lawama anabeba mtengeneza gari au oili. Ndo maana feki inauzika.

Ukilikata hilo kopo utaona tofauti yenyewe (kama unakata kwa msumeno kumbuka msumeno nao unamwaga chenga za chuma humo ndani, usije ukapata presha bure ukidhani ni za injini). Kuna karatasi iliyokunjwa kunjwa, ambayo inaweza kuwa selulosi, nyuzi za sintetiki au mchanganyiko wa vyote viwili. Kazi yake ni kukamata chembe ambazo macho hayaoni, tunaongelea maikroni 20 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Kampuni zenye kujiamini zinakuandikia inakamata asilimia ngapi ya chembe za ukubwa gani, na zimepima kwa kiwango cha ISO 4548-12, kipimo cha kimataifa cha filta za oili. Ukikuta boksi limeandikwa inachuja asilimia 99 halafu limenyamaza kuhusu maikroni, hapo hujaambiwa kitu, maana hata chandarua kinachuja asilimia 99, ya mbu.

Halafu kuna kiraba ndani, watu hawakijui kabisa. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukizima gari, na kwenye injini ambazo filta imekaa kwa ubavu au tundu lake limeangalia chini hicho kiraba ndo kila kitu. Kwenye filta rahisi mara nyingi ni raba ya nitrili ambayo ikipigwa na joto muda mrefu inakakamaa, za silikoni zinavumilia zaidi. Kikikakamaa oili inashuka usiku, asubuhi ukiwasha unasikia injini inagonga gonga kidogo kisha inanyamaza, na watu wanaambiana ni kawaida ya hii gari. Inaweza kuwa na sababu nyingine, sikatai, ila kama mlio ulianza baada ya kubadilisha filta basi anza na filta, usikimbilie kufungua injini.

Na kuna valvu ya dharura. Oili ikiwa nzito kwa baridi au karatasi ikiwa imeziba, hii valvu inafunguka ili oili ipite hivyo hivyo bila kuchujwa, kwa sababu injini ni afadhali ipate oili chafu kuliko ikose. Sasa fikiria springi yake ni ya hovyo. Ikiwa legevu inabaki wazi muda wote, yaani umenunua filta ambayo haichuji tangu siku ya kwanza. Ikiwa ngumu sana haifunguki inapotakiwa, karatasi inapasuka na vipande vyake vinaingia kwenye njia za oili. Na siyo kila filta inayo, kuna injini ambazo valvu hiyo imejengwa kwenye blok yenyewe, kwahiyo filta mbili zinaweza kufanana kwa urefu, kwa unene na kwa uzi wa nati halafu ndani zikawa vitu viwili tofauti.

Hapo kwenye uzi nisimame kidogo. Kuna filta za M20 yenye pichi ya 1.5, yaani upana wa milimita 20 na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, na kuna za inchi robo tatu zenye nyuzi 16 kwa inchi. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa macho huwezi kuzitofautisha, na ile kubwa ukiifunga kwenye kishina kidogo cha injini inaingia kabisa, inazunguka, mpaka unaona kama imekaa. Presha ya oili ikipanda injini ikiwa ya baridi inaweza kung'oka, na oili yote ikawa barabarani ndani ya muda mfupi sana. Kwahiyo neno "imeingia" halithibitishi chochote. Tafuta kwa namba ya spea, na namba ya spea itafute kwa namba ya chesisi, siyo kwa jina la gari wala kwa kulinganisha na ile ya zamani, maana nani kakwambia aliyefunga ile ya zamani alipatia? Toyota kwa mfano filta zao za kopo kama 90915-YZZE1 zinaanzia na 90915, na zile za karatasi tupu unazoweka kwenye kava lake nyingi zinaanzia na 04152. Ukienda na namba dukani mazungumzo yanabadilika.

Sasa hii orijino yenyewe. Kampuni nyingi za magari hazikai kutengeneza filta, zinaagiza kwa watu kama Denso, MAHLE wa Stuttgart ambao wapo tangu 1920, au MANN+HUMMEL wa Ludwigsburg walioanza 1941. Hao hao wanauza pia kwenye maboksi yao wenyewe na mara nyingi bei inakuwa chini kuliko boksi lenye nembo ya gari. Mi chaguo langu la kwanza ni hilo. Nembo ya gari ndo inatafutwa na kila mtu, na kinachotafutwa na kila mtu ndo kinachofojiwa zaidi, kwahiyo yule anayesema "nipe orijino tu" halafu ananunua popote ndo yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayenunua boksi la mtengenezaji asiye na umaarufu mitaani. Usitegemee sana kulikagua boksi, wafoji nao wana printa nzuri. Shika kopo lenyewe, pima uzito mkononi, angalia uzi kama umekatwa safi, chungulia kwenye tundu la kati uone gundi na ncha za karatasi, bonyeza kiraba uone kinarudi. Na nunua kwa mtu atakayekuandikia risiti yenye namba ya spea, anayekataa kuandika ana sababu yake.

Kuhusu fundi, sisemi mafundi ni wezi, ila ukimpa hela ya jumla halafu ukaondoka umemwambia faida yake aitafute kwenye spea. Nunua mwenyewe na uwepo boksi linapofunguliwa.

Breki nazo zinaingia kwenye kundi la vitu vinavyoondoka na vingine, tena hizi zinaondoka na watu. Pedi nyingi zina herufi mbili pembeni, ya kwanza ni kipimo cha mshiko (msuguano) zikiwa kwenye joto la kawaida, ya pili zikiwa zimepata moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F inaishia 0.45, G inaishia 0.55. Ukiona ya pili iko chini ya ya kwanza ujue kwenye mteremko mrefu zitakuchosha. Alama ya E ndani ya duara yenye namba ya R90 maana yake zimepimwa kwa kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa na utendaji wake haupishani na wa zile zilizokuja na gari kwa zaidi ya asilimia 15, hiyo kwangu ina uzito kuliko nembo. Taimingi belti sina maneno mengi, kwenye injini ambazo pistoni na valvu zinafikiana ikikatika umenunua injini, funga seti nzima na tenshona yake, kile kinachoikaza belti. Za used? Mlango, taa, kioo, chukua bila wasiwasi. Raba, belti, pedi na filta hapana, hata ukipewa bure.

Ila na upande wa pili watu wanazidisha. Filta za mashindano zenye rangi kali kwa gari ya kwenda kazini ni mapambo. Filta ya kati, halali, inayobadilishwa kila unapomwaga oili inaishinda ile ya kifahari iliyoachwa servisi mbili, na hili la "filta tutabadilisha safari ijayo" silipendi kabisa kwa sababu humo ndani inabaki oili ya zamani pamoja na uchafu wake na unaichanganya na mpya uliyonunua.

Wakati wa kufunga hakikisha raba ya filta ya zamani haijabaki imeganda kwenye blok, raba mbili zikipandana zinavuja vibaya mno. Paka oili kidogo raba mpya, kaza kwa mkono mpaka iguse halafu ongeza kama robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoandikwa kwenye kopo, weka wosha mpya kwenye nati ya sampu, washa, taa ya oili izime haraka, chungulia chini, zima, subiri kidogo ndo upime kijiti. Na fundi anayeikaza kwa spana mpaka kopo linabonyea, mwambie servisi ijayo atakuja kuifungua yeye mwenyewe.