Ukishalipa kodi ya miezi sita, nani atakuja kukutengenezea bati?

Nikiongea na ndugu zangu wa Dar kuhusu nyumba za kupanga, swali haliishi: hao wenye nyumba wa Uingereza wana roho gani, hita ikiharibika wanaleta fundi? Roho ni zile zile. Mwenye nyumba wa Manchester ninakoishi na yule wa Tabata niliyempangia kabla ya kuja huku wote hela ikishaingia mfukoni inawauma kuitoa. Kinachotofautiana ni mambo mawili: nani anaweza kumlazimisha, na kama kodi yako umeshamkabidhi au bado unayo mkononi.

Naanza na kodi, maana naamini ndiyo inayotumaliza nyumbani. Unatafuta chumba na sebule. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja iwe yake, mwenye nyumba anachukua ya miezi sita, wengine wanataka mwaka mzima. Umehamia, umepanga vyombo, mvua ya kwanza inanyesha na bati linavuja, maji yanadondokea kitandani. Unapiga simu. "Nimekuelewa, namtuma fundi." Fundi haji. Unapiga tena, haipokelewi. Huna cha kumnyima mtu huyo. Ukisema unahama, kodi hairudi. Mwisho unaambiwa, "Wewe tengeneza, tutakatana kwenye kodi." Unanunua bati, misumari na mbao, unamlipa fundi, unatunza risiti. Siku ya kulipa kodi mpya ikifika, hesabu inageuka: nani alikutuma ununue bati la bei hiyo, fundi wangu angefanya kwa nusu yake, mbao zilikuwa nzima. Watu wengi ninaowafahamu walikatwa maneno tu, kodi wakalipa yote.

Pale Tabata tulikuwa wapangaji sita, choo kimoja. Shimo likajaa, maji yakaanza kurudi juu kila mtu akimwaga ndoo. Mama mwenye nyumba alikuwa anaishi mbele, getini, na choo chake cha ndani. Tulipomwendea alisema gari la kunyonya majitaka ni juu ya wapangaji kwa sababu sisi ndio tuliolijaza. Basi tukabaki kugombana wenyewe kwa wenyewe: mwenye watoto wanne achange zaidi, yule kijana wa chumba cha pembeni hashindi nyumbani kwa hiyo hataki kuchanga, mwingine anasema alilipa mara ya mwisho. Wakati tunabishana, akina mama walikuwa wanapeleka watoto kujisaidia nyumba ya jirani, usiku, na tochi ya simu. Mpaka leo nikikumbuka napata hasira, kwa sababu ugomvi wote ule haukuwa wetu. Aliyekuwa na wajibu alikuwa amekaa barazani anatusikiliza.

Wajibu huo umeandikwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi aikabidhi ikiwa inafaa kuishi binadamu, na aitunze hivyo muda wote wa upangaji. Mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya nayo yapo. Lakini nani atafungua shauri, alipe ada, aende na kurudi kila linapoahirishwa, kwa ajili ya choo kilichojaa leo asubuhi? Kitu cha dharura kinahitaji mtu wa kufika kesho, na mtu huyo sisi hatuna. Mjumbe atakuja, atawapatanisha, atasema muvumiliane, ataondoka. Choo kimebaki vile vile.

Sasa huku. Sheria ya England ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atengeneze paa, kuta, mabomba, umeme, gesi, vyoo, na mitambo ya kupasha joto nyumba na maji. Wajibu huo hauwezi kuhamishiwa kwa mpangaji kwa kuandika mkataba vingine. Boila ya nyumba yetu, ndio mtambo huo wa kupasha joto, ilikufa mwezi wa Januari. Kipimajoto chumbani kwa watoto kilikuwa kinasoma nyuzi 11, tunachemsha maji kwenye birika la umeme ili waoge. Kila nikimpigia wakala wa mwenye nyumba ananiambia taarifa yangu imeshaandikishwa. Jibu hilo lilinirudisha Tabata moja kwa moja.

Aliyenitoa hapo ni dada mmoja Mkongo tunayesali naye, wa Bukavu. Akaniambia: acha kupiga simu, andika. Andika barua pepe, weka tarehe boila ilipozima, piga picha kipimajoto, taja kwamba kuna watoto wadogo, mpe siku za kujibu, na useme usipojibiwa unakwenda halmashauri. Nikaandika. Siku nilizowapa zikapita kimya, nikawapigia halmashauri ya jiji, kitengo cha afya ya mazingira. Ofisa akachukua maelezo, akaomba nakala ya ile barua pepe, akawasiliana na wakala. Kesho yake fundi alikuwa mlangoni. Halmashauri ina mamlaka ya kuingia, kukagua na kutoa amri ya matengenezo, na mwenye nyumba akiipuuza faini yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya pauni. Boila mpya ni nafuu kuliko hiyo.

Nisieleweke kwamba huku mambo ni safi. Rochdale, mji wa jirani hapa, mtoto Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili, na uchunguzi wa mahakama ulithibitisha kwamba kilichomuua ni ukungu wa ukutani katika nyumba ya kupanga. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alianza kulalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Ilibidi mtoto afe ndipo ipatikane sheria inayoitwa kwa jina lake. Tangu Oktoba 2025, kwenye nyumba za jamii za England, yaani zile za halmashauri na mashirika ya makazi, hatari ya dharura inatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa 24. Wapangaji wa watu binafsi bado wanaisubiri iwafikie.

Habari hiyo inanigusa kwa sababu nyumba zetu wengi hapa zina ukungu ule ule, na tunanyamaza. Tunaogopa mwenye nyumba atatuharibia viza. Kudai matengenezo hakugusi viza yako. Tuliogopa pia notisi ya kifungu cha 21, iliyoruhusu mpangaji kutolewa kwa miezi miwili bila kuambiwa sababu, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Sheria mpya ya haki za wapangaji ya England imekifuta kifungu hicho kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Ila jambo moja nawasihi: usigome kulipa kodi ili umshinikize. Anaweza kukupeleka mahakamani kwa deni, na kesi ikawa yako wewe. Lipa, andika, ita halmashauri.

Sheria hiyo hiyo mpya imepiga marufuku kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Sisi wageni tusio na mdhamini tulikuwa tunadaiwa miezi sita hapa hapa England, na wanaopanga sasa wameokoka na hilo. Nikawaza, kama wao wameona kodi ya mbele inamfunga mpangaji mdomo, kwa nini Dar tunaiona kawaida?

Kwetu pa kuanzia papo. Afisa afya tunaye kwenye kata. Huyo huyo anayepita kukagua takataka na vyoo na kutoza faini, apewe nguvu ya kumwandikia mwenye nyumba amri ya kunyonya choo au kuziba bati kwa tarehe maalumu, na amri ikipuuzwa wapangaji watengeneze wenyewe na risiti ikatwe kwenye kodi kwa muhuri wa serikali ya mtaa, bila mjadala. Na kodi iwe ya mwezi kwa mwezi. Wabunge wetu wengi nao wana nyumba za kupangisha, najua, kwa hiyo hawataliamsha wenyewe. Wapangaji wa Dar ni wengi kuliko wenye nyumba, na wana kura.