Mbwa anayebweka akiachwa peke yake hahitaji fimbo

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Kimara na Mbezi hadi Tabata, wenye nyumba huondoka alfajiri kabla foleni haijafunga barabara na hurudi giza likiwa limeshaingia. Saa zote hizo mbwa aliyebaki ndani ya uzio hubweka, majirani huchoka, mwenye nyumba hupigiwa simu akiwa kazini, na usiku mbwa huchapwa. Naamini kwa dhati kwamba kipigo hicho ni kosa, na ni kosa hata kwa mtu asiyejali ustawi wa mnyama na anayetaka ukimya tu, kwa sababu hakimnyamazishi mbwa na mara nyingi humwongezea sababu ya kubweka.

Kwanza ni lazima kujua anabweka kwa nini. Wapo mbwa wanaobweka kwa sababu ya wanachokiona: mpita njia, muuza maji, bodaboda, paka aliyekaa juu ya ukuta. Hao wanafanya kazi waliyowekwa kuifanya, na tiba yao ni nyepesi: ziba geti la nondo kwa bati, au hamisha banda lao kutoka getini hadi uani. Wapo wanaobweka kwa kukosa shughuli, hasa mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kazi kama German Shepherd, ambao kwetu hununuliwa kwa ulinzi kisha hufungiwa kwenye kibanda kisichowatosha hata kugeuka. Na wapo wale ambao ndio hasa ninaowazungumzia, wanaobweka kwa sababu mtu wao ameondoka. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kuacha simu ikirekodi.

Jirani yangu mmoja aliiacha simu yake ya zamani kwenye rafu ya sebuleni, na tulipoitazama video ile tulielewa mengi kuliko tuliyokuwa tumeyapata katika malalamiko ya mtaa mzima. Geti lilipofungwa, mbwa alisimama masikio yakiwa yameelekea mbele, akasikiliza mlio wa gari mpaka ukapotea. Kisha alikwenda mlangoni, akaingiza pua kwenye upenyo wa chini, akavuta harufu kwa nguvu, akazunguka meza, akarudi palepale. Alikuwa akihema mdomo wazi ingawa jua lilikuwa halijachomoza, ute ukimdondoka sakafuni, na nyama aliyowekewa hakuigusa. Sauti ya kwanza aliyoitoa ilikuwa kilio kirefu chembamba. Kubweka kulifuata baadaye, na kila alipobweka mara kadhaa alinyamaza kidogo, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Mbwa anayeacha nyama kwa sababu mtu wake hayupo ana hofu, wala hapo hapana ukaidi. Madaktari wa mifugo wanaifahamu vizuri hali hii: dalili zake huanza mara tu mtu anapoondoka au ndani ya nusu saa ya mwanzo, na uharibifu wake huonekana zaidi pale mtu alipotokea, kwenye mlango, kizingiti na dirisha.

Ukishalijua hilo, ubatili wa adhabu unaonekana wazi. Mbwa huunganisha tendo lake na jambo linalofuata papo hapo, hivyo kipigo cha saa mbili usiku hakiwezi kumfundisha lolote kuhusu kubweka kwa saa tatu asubuhi. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwa mtu wake kunaweza kuja na maumivu, na kesho yake ataachwa akiwa na hofu mbili badala ya moja. Wengi hujibu kwamba mbwa wao anajua alichokosea, kwa kuwa hukunja mkia na kuangalia pembeni wanapoingia. Mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilichunguza jambo hili, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 alionyesha kwamba sura ile ya hatia hutokana na kukaripiwa na mwenye mbwa, iwe mbwa amekosa au hakukosa. Mbwa anausoma uso wako na sauti yako. Kosa la asubuhi hana habari nalo.

Mikanda ya shingoni inayompiga mbwa shoti kila anapobweka, ambayo siku hizi huagizwa kwa njia ya mtandao, ni adhabu ileile iliyokabidhiwa mashine. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010, na Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama wa Nyumbani wa mwaka 1987 unakataza kumpasua mbwa ili kumwondolea sauti. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili dhidi ya mnyama. Kufunga mdomo wa mbwa kwa kamba ni kubaya zaidi, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema, na katika joto la Dar es Salaam mbwa aliyefungwa mdomo anaweza kufa.

Kinachosaidia ni kumzoesha mbwa upweke kidogo kidogo, kwa kiasi ambacho hakimtishi. Anza na ishara zinazomwambia kwamba unaondoka. Mbwa wengi huanza kuhangaika wanaposikia funguo au kuona viatu vya kazini, kwa hiyo chukua funguo kisha keti uendelee kusoma. Vaa viatu uende jikoni. Fungua mlango na uufunge bila kutoka. Rudia hayo mpaka mbwa aache kuinua kichwa. Baada ya hapo toka nje kwa sekunde chache tu na urudi kabla hajalia, bila sherehe ya kuaga wala ya kurudi. Ongeza muda polepole, na usiuongeze kila mara, maana mbwa akigundua kwamba kila safari ni ndefu kuliko iliyopita, hofu itarudi. Dakika za mwanzo ndizo ngumu zaidi, na hutokea mbwa aliyehitaji wiki nyingi kufikisha nusu saa akafika saa mbili kwa haraka kuliko ulivyotarajia. Akilia katikati ya zoezi, umemwacha kwa muda mrefu kuliko uwezo wake, basi kesho punguza.

Sharti gumu la njia hii ni kwamba katika kipindi chote cha mazoezi mbwa asiachwe kwa muda unaozidi ule aliokwisha kuumudu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, lakini nyumba zetu nyingi huwa na mtu: dada wa kazi, bibi, mtoto anayesoma zamu ya mchana, mlinzi wa getini. Tatizo ni kwamba watu hao huambiwa wasimkaribie mbwa, au wenyewe wanamwogopa, na mbwa hubaki peke yake huku nyumba ikiwa na watu. Mfundishe dada wa kazi kumlisha na kumtembeza, na umwongezee malipo kwa kazi hiyo. Kama unataka kumwomba jirani msaada, muulize kwa adabu kama inafaa, maana kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni suala la twahara, yaani usafi wa kidini, na si haki kumbebesha mtu mzigo huo.

Chakula nacho husaidia kikitumiwa kwa akili. Ugali laini uliochanganywa na dagaa wa kusaga, ukagandishwa kwenye kikombe cha bati, humpa mbwa kazi ya kulamba kwa muda mrefu, na kulamba humtuliza. Mfupa uliopikwa usimpe, kwa sababu hupasuka vipande vikali. Matembezi ya alfajiri ambayo mbwa anaachwa anuse atakavyo yana faida kubwa pia. Mbwa wa pili aliyeletwa ili ampe mwenziwe kampani kwa kawaida haponyi hofu hii, kwa kuwa anayekosekana ni mtu, na unaweza kuishia na mbwa wawili wanaobweka.

Ipo desturi moja ninayoipinga kwa nguvu zote, nayo ni ya kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa ili awe mkali usiku. Ukali unaotokana na upweke hauchagui. Humvaa mwizi na humvaa mtoto aliyefuata mpira wake. Ukali huo huweza pia kuanzia kwenye kuuziwa watoto wa mbwa wachanga mno, waliotolewa kwa mama yao kabla ya wiki nane, wakakosa kuzoeshwa watu, sauti na upweke mfupi katika umri wa wiki 3 hadi 14, ambao ndio umri wao wa kuzoea dunia.

Hofu ikiwa kubwa, dawa zipo. Klomipramini iliidhinishwa Marekani kwa tatizo hili mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007, zote zitumike pamoja na mazoezi. Ni daktari wa mifugo pekee anayepaswa kupanga dozi, na dawa iliyoandikwa kwa ajili ya binadamu asipewe mbwa. Daktari huyohuyo aitwe upesi ikiwa sauti ya mbwa imebadilika ghafla, imekwaruza, na tabia yake imegeuka, kwani hiyo inaweza kuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Hapo usimkaribie kabisa.

Nyumba ambayo kila siku ya kazi hubaki tupu tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku, kwa maoni yangu, haifai kuwa na mbwa, na mwenye nyumba hiyo aweke taa na amlipe mlinzi. Mwenye mbwa tayari na awatembelee majirani wiki hii, awaeleze mazoezi anayoyaanza, awaachie namba ya simu, na awaombe wamwambie kelele zimeanza saa ngapi na zimekoma saa ngapi, kwa sababu saa hizo ndizo zitakazomwambia leo aongeze dakika au azipunguze.