Kabla hujaikataa treni ya kukaa na kuunganisha Chicago

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, mazungumzo ya Waswahili wa Buffalo, jimbo la New York, hurudi palepale. Mtu ana ndugu Omaha, mwingine Denver, mwingine Fort Morgan. Familia ni ya watu watano au sita. Nauli ya ndege imeshapaa. Atatokea mmoja aseme, "Si kuna treni?" Naye atajibiwa na watu watatu kwa mpigo: utakaa kwenye kiti usiku kucha, ukifika Chicago uunganishe treni nyingine, na ya kwanza ikichelewa utalala mjini na watoto. Mjadala unaishia hapo.

Naona unaishia mapema mno. Wanaojibu hivyo wana hoja, tena nyingine ni nzito, na nitazieleza bila kuzipunguza. Ila hofu yao kubwa imekaa pasipo pake. Kuunganisha, ambako ndiko kunakowatisha zaidi, ndiko kulikowekewa kinga katika safari yote hii. Yanayoumiza kweli ni mengine, na hayo hayatajwi sana.

Nichukue safari moja ninayoijua, ya Buffalo hadi Fort Morgan, mji mdogo wa Colorado ambako Wasomali na Waafrika wengine wa kwetu wamefuata kazi ya kiwanda cha nyama. Treni ya Lake Shore Limited hutoka New York alasiri na kupita kituo cha Buffalo-Depew karibu saa sita usiku. Chicago inafika mnamo saa nne asubuhi. Hapo unashuka na kungoja California Zephyr inayoondoka saa nane mchana, nayo inakushusha Fort Morgan alfajiri ya kesho yake. Ni kilomita 2,400 hivi na saa 31. Ukitoa kwenye ratiba utapata 29, kwa sababu saa hurudishwa nyuma mara mbili njiani, jambo ambalo miguu yako italijua hata kama hukulihesabu.

Waliosafiri na reli ya kati nyumbani Tanzania wanalijua neno "kukaa", yaani tiketi ya kiti bila kitanda. Kuna daraja la pili kulala na daraja la pili kukaa, na mtu akisema "nimekata kukaa" anaeleweka bila maelezo. Kukaa kwa Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, ni kwa namna yake. Kiti kinalala nyuma kuliko cha ndege, kina kiegemeo cha kuinulia miguu, na nafasi ya mbele inamtosha mtu mrefu kunyoosha magoti. Kuna soketi ya umeme pembeni. Kuanzia saa nne usiku taa hupunguzwa, na watu wanatakiwa kunyamaza hadi saa moja asubuhi. Blanketi hupewi, na baridi ya kiyoyozi usiku ni kali. Asiyebeba kitenge kizito au shuka la kimasai atajuta kabla ya Cleveland.

Nilipompeleka shangazi yangu kwa binti yake, kilichomtuliza kilikuwa kikaratasi. Baada ya kukagua tiketi, konda aliandika kifupi cha kituo tunachoshukia, akakichomeka juu ya kiti chetu. Shangazi hasomi Kiingereza. Alikitazama, akaniuliza kina kazi gani. Nikamwambia kinamwonyesha mhudumu nani anashuka wapi, ili mwenye kushuka usiku aamshwe. Akasema, "Basi na wewe lala." Akalala yeye kwanza.

Mimi nimekulia Tabora, na kuunganisha kwangu ni sauti kabla ya kuwa safari. Treni iliyotoka Dar inakatwa pale: mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, na ya Mpanda yatachepukia Kaliua. Mtoto wa Tabora anausikia mgongano wa vyuma vikikutana usiku na anajua watu wamelala humo ndani, wataamka kwenye njia nyingine. Wamarekani nao wanayo hayo. Lake Shore Limited yenyewe ina sehemu ya Boston na sehemu ya New York, zinazokutana na kuachana Albany. Treni nyingine, Empire Builder, inagawanyika Spokane, nusu ikienda Seattle na nusu Portland. Ila kwa Buffalo hadi Fort Morgan hakuna behewa linalokuvusha umelala. Chicago unashuka na mizigo yako.

Hapo ndipo hofu inapoanzia. Ukikata safari nzima kama tiketi moja, kwa namba moja ya nafasi, Amtrak ndiyo inayobeba jukumu la kukufikisha mwisho. Treni ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wanakupangia treni inayofuata yenye nafasi au njia nyingine, na ikibidi kulala Chicago wanakutafutia hoteli. Hakuna nauli mpya. Kiti chako hakipotei kwa kosa ambalo si lako.

Ukikata vipande viwili, kinga hiyo haipo. Nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wa kwetu wakilifanya kwa nia njema kabisa. Mtu anapekua simu, anaona Buffalo hadi Chicago kwa basi ni nafuu kidogo, anachukua. Kisha anakata treni ya Chicago kwenda mbele peke yake. Ameokoa dola chache. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo; basi lake lilikwama njiani saa nyingi, na alipofika Chicago treni ilikuwa imeshaondoka. Hakuwa na wa kumdai. Kwa kampuni ya basi, alikuwa amefika Chicago kama tiketi ilivyosema. Kwa upande wa treni, alikuwa abiria ambaye hakutokea. Aliporudi Buffalo, simulizi iliyoenea ilikuwa kwamba "kuunganisha treni ni balaa", na nimeisikia ikirudiwa na watu ambao hata hawakumjua. Kilichomponza ni kukata tiketi mbili. Mambo hayo hayo yangempata kwa ndege mbili za tiketi tofauti.

Ratiba nayo husaidia. Kati ya kufika Lake Shore na kuondoka Zephyr kuna karibu saa nne. Treni inaweza kuchelewa saa mbili na nusu na bado ukapata muda wa kunawa uso na kula. Ikifika kwa wakati, saa nne hizo unazimaliza kwenye ukumbi mkubwa wa Union Station, jengo la mwaka 1925, lenye dari la kioo na mabenchi marefu ya mbao. Abiria wa kulala wana sebule yao. Wa kukaa mnakaa ukumbini, na mmoja lazima alinde mizigo. Shangazi alikunywa chai yake pale, akafungua chakula chetu, na mama mmoja wa Kiamish, Wakristo wa Marekani wanaoshika maisha ya kale, aliyekaa jirani akampa kipande cha mkate. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata neno moja.

Sasa nije kwa wanaoipinga treni, kwa sababu kuna mambo ambayo tiketi moja haiyatibu.

La kwanza ni kuchelewa kwenyewe. Sehemu kubwa ya reli ambayo Amtrak hupita ni mali ya kampuni za mizigo. Lake Shore inapita kwenye reli za CSX na Norfolk Southern. Zephyr hadi Denver inapita kwa BNSF, kampuni nyingine ya mizigo. Sheria ya tangu miaka ya 1970 inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele. Lakini treni za mizigo zimerefushwa hadi nyingine haziingii kwenye njia za kupishania, na mwenye kuingia pembeni kusubiri anakuwa yule mfupi, wa abiria. Mwaka 2024 wizara ya sheria ya Marekani iliishtaki Norfolk Southern kwa kuichelewesha treni nyingine ya Amtrak, Crescent, na mashtaka ya aina hiyo ni nadra sana. Kanuni ya mwaka 2020 imeweka kipimo kwamba abiria 80 kati ya 100 wafike ndani ya dakika 15 za ratiba. Treni nyingi za masafa marefu hazikifikii, na hizi mbili zimo. Kwa hiyo mwenye miadi ya mahakamani, usaili wa kazi, au mwenye kuwahi maziko, asipande. Kwa msiba ndege ndiyo njia, hata kwa kukopa.

La pili ni mwili. Usiku wa kwanza ni mfupi na unapita. Wa pili ndio mtihani. Bafu kwenye mabehewa ya kukaa hakuna; ukifika Nebraska una siku nzima hujaoga. Choo kilichoanza safi mchana, usiku wa manane kinakuwa kingine. Mzee mwenye miguu inayovimba au mwenye historia ya damu kuganda amwulize daktari kwanza, na akikubaliwa asimame na kutembea kila baada ya muda. Shangazi alitembea. Treni inaruhusu jambo hilo kuliko basi na ndege, na kwenye Zephyr, iliyo ya ghorofa, kuna behewa la kutazamia nje ambako mtu anaweza kukaa mchana kutwa. Lakini alishuka amechoka, na siku nzima ya kwanza alilala.

La tatu halitajwi hadharani na naona litajwe. Askari wa uhamiaji wa mpakani wamekuwa wakipanda Lake Shore Limited katika vituo vya kaskazini mwa New York na kuwauliza abiria uraia wao. Buffalo na Rochester zimo ndani ya maili 100, yaani kilomita 160, kutoka mpakani, eneo wanalofanyia kazi hiyo. Mwenye kadi ya ukazi (green card) aliyefikisha miaka 18 anatakiwa na sheria kutembea nayo; aiweke mfukoni, asiiache kwenye begi. Ambaye karatasi zake hazijakamilika azungumze na mwanasheria kabla ya kukata njia hii. Kwake yeye unafuu wa nauli si hoja.

Nikiyaweka yote hayo mezani, bado naona treni ya kukaa inanyimwa haki yake kwa familia zetu, kwa sababu hesabu inafanywa kwa saa peke yake. Saa za ndege zinahesabiwa kutoka uwanja hadi uwanja, lakini sisi hatuishi uwanjani. Fort Morgan iko zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanja wa Denver. Binti wa shangazi anatoka zamu ya usiku kiwandani, hana leseni, na mumewe yuko zamu ya mchana. Ndege ikitua, nani anakwenda kumchukua mama? Zephyr inasimama katikati ya mji, dakika chache kwa miguu kutoka nyumba nyingi. Galesburg ya Illinois, ambako Wakongo nao wamefuata kazi, iko kwenye reli hiyo hiyo. Njia zilizochorwa na watu wa karne ya kumi na tisa zinapita leo mahali pale pale ambapo kazi za viwanda vya nyama zimewatawanya watu wetu.

Kisha kuna watoto na mizigo. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 analipa nusu akiwa na mtu mzima, na wa chini ya hapo anapakatwa bure. Kila abiria anaruhusiwa kupanda na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja bila kulipa. Kwa anayekwenda kumtembelea mzazi mpya hilo si jambo dogo. Shangazi alibeba unga, dagaa, sombe iliyogandishwa na kufungwa kwa magazeti, na vitenge vya mtoto. Mzigo wa namna hiyo kwa ndege una bei yake. Kwa treni una uzito tu, na uzito huo utaunyanyua mwenyewe, kwa sababu Fort Morgan ni kituo kisicho na wafanyakazi na hakipokei mizigo ya kukabidhi. Kama huna kijana wa kukusaidia kupandisha, shukia Denver, ambako huduma hiyo ipo.

Anayenisoma akiwa na likizo ya siku tatu, ndege. Mwenye wiki mbili, watoto watatu na ndugu kwenye mji usio na uwanja, akate kukaa, tiketi moja, mapema, na afike Chicago akijua kwamba saa nne zile zimewekwa kwa ajili yake.

Kulikuwa bado giza tulipokaribia Fort Morgan. Mhudumu alikuja na tochi ndogo akiielekeza chini ili asiwaamshe wengine, akasoma kikaratasi juu ya kiti, akamgusa shangazi begani mara moja. Shangazi alikuwa macho, ameshafunga kilemba. Nje, chini ya taa ya jukwaa, binti yake alikuwa amesimama na buti za kiwandani, mtoto amembeba mgongoni.