Mwaka mzima tunaoga kwenye beseni kwa ajili ya mpapai dume

Kwanza niseme mimi ni mtu wa Tukuyu, nalisema mapema mnisamehe, maana kwetu mtu hapandi, kwetu mtu anatupa. Unakula parachichi unatupa kokwa nyuma ya jiko unasahau, baada ya miaka unagombana na kaka yako huo mparachichi ni wa nani. Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hapa Dodoma zikifika 600 watu wanatoka nje kushangaa. Sasa mtu wa hivyo ukimleta Nkuhungu ukamwonyesha kiwanja cha mchanga mwekundu ukamwambia hapa patafaa bustani, atakuamini. Ndo nilivyoamini mimi.

Chanzo ni mchicha. Mama Tumaini kaniambia fungu limefika 500, nikapiga hesabu palepale rimoti mkononi, 500 mara siku 30 ni 15,000, mara miezi 12 ni 180,000, nikasimama kama mtu anayesoma bajeti nikatangaza kuanzia leo nyumba hii hainunui mboga. Tumaini akapiga makofi. Mama yake hakupiga, akaniangalia tu vile anavyoangaliaga luku ya umeme ikibaki yuniti tatu.

Basi nikanunua mbegu, samadi guta moja, reki, keni ya kumwagilia, na mpira wa maji mita 30 ambao mpaka leo naning'iniza ukutani kama picha ya harusi. Kabla mbegu hata moja haijagusa udongo nilikuwa nshakula mchicha wa miezi mitano.

Maji sasa. Huku Nkuhungu yanakuja mara mbili kwa wiki, saa nane usiku, kama mwizi. Na ni ya chumvi, sabuni unaisugua inaisha povu hulioni, birika limeota gamba jeupe ndani utadhani limepigwa plasta. Hayo hayo ndo nataka mchicha uyafurahie. Nikapandisha matuta marefu yaliyoinuka vizuri kama ya baba yangu, wiki ya pili naona juu ya tuta kuna unga mweupe, nikamfokea mtoto kwa nini anamwaga chumvi ya jikoni nje. Mtoto analia, mi nafoka, Mama Nyemo jirani anatuangalia juu ya wigo wa michongoma. Mama wa Kigogo, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo akaitikia huku anacheka kashika kiuno. "Mwanangu, hiyo chumvi ni ya maji yako. Na tuta la kuinua ni la kwenu kwenye maji mengi, yakimbie. Huku unachimba chini, maji yakae." Yani huku tuta ni shimo! Nikabomoa yote nikachimba upya, Jumamosi nzima, mgongo ukawa kama wa babu.

Kuna mtu akanishauri nitandaze nyasi kavu unyevu usipotee. Ushauri mzuri tu, sikatai. Nikatandaza, mchwa wa mtaa mzima wakapata taarifa. Wakamaliza nyasi, wakahamia kwenye mpini wa jembe niliousahau nje, asubuhi nanyanyua jembe limebaki chuma.

Nyanya sitaki kuziongelea sana. Miche 40, kantangaze akaingia. Kale kadudu ukikaona ni kanondo kadogo tu ka kijivu hakana hata sura ya kutisha, ila watoto wake wanatembea ndani ya jani, katikati ya ngozi na ngozi, wanaacha mabaka kama jani limeungua pasi, halafu wanahamia kwenye tunda. Muuza dawa akaniambia nibadilishe badilishe dawa maana ukipiga moja kila siku wanaizoea. Nikamuuliza na mimi nikila hizo nyanya nitazoea? Akaniambia soma kibandiko, kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nikasubiri. Kantangaze hakusubiri.

Sasa ndo nifike kwenye mpapai, maana hapa ndo roho inaponiuma.

Mwaka jana Januari, mvua zimeshika kidogo, nikanunua miche mitatu ya papai. Kijana wa kitalu akaniambia, "Mzee, panda yote mitatu shimo moja. Ikichanua ndo utajua dume lipi jike lipi, ung'oe usioutaka." Mi nikajisemea huyu anatafuta biashara tu, mitatu shimo moja itagombania maji ya nani? Nikaipanda hivyo hivyo, ila mwezi wa tatu nikaikagua kama mtu anachagua mchezaji, nikabakisha ule mnene, shina limejaa, majani yametanuka. Nikauita kidume cha nyumba. Kwa mdomo wangu huu huu. Miwili myembamba nikaing'oa, mmoja nikatupa, mwingine Mama Nyemo akauomba akaenda kuuchomeka nyuma ya bafu lake la nje, pale maji yanapotokea, akaachana nao.

Mvua zikaaga Aprili kama kawaida, na mpaka mwisho wa Novemba huoni tone. Nikatunga sheria. Hakuna kuoga bila kusimama kwenye beseni, na maji ya beseni ni mali ya mpapai. Maji ya kuoshea mchele, mpapai. Maji ya kusuuzia nguo, mpapai, ila ya kufulia yenye sabuni nyingi hapana, hata mi nina huruma. Shemeji yangu kahamishiwa kikazi Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, akafikia kwetu wakati anatafuta nyumba, mtu wa tai na kiatu cha kung'aa, nikamwambia kwa heshima zote shemeji naomba usimame kwenye beseni. Alisema atakaa mwezi. Nyumba aliipata siku ya tatu.

Mama yangu mzazi akipiga simu toka Tukuyu nikimwambia ngoja namwagilia mpapai kunakuwa kimya. Halafu anauliza, "Mwanangu, unaumwa?"

Septemba, ule upepo wa Dodoma unaokulisha mchanga wakati hujaomba, mpapai ukachanua. Aisee! Maua meupe madogo madogo yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni za bibi harusi, mengi hayahesabiki. Nikapiga picha nikatuma kwa ukoo mzima, nikaandika MAPAPAI SOON. Mama Nyemo akapita, akatazama juu, akanyamaza, kisha akaniuliza polepole kama mtu anayeleta habari ya msiba, "Baba Tumaini, hili si dume?"

Akanipeleka kwake. Ule mwembamba, ule niliong'oa kwa kuudharau, umechanua maua makubwa machache yamekaa kwenye shina kabisa, hayana kikonyo kirefu, na moja tayari limeanza kuvimba kitumbo. Mti wa maji ya kuokoteza!

Hapo kila mtu mtaani akawa bwana shamba. Fundi magari akaniambia pigilia msumari wa nchi nne kwenye shina, utabadilika. Muuza chipsi akasema ukate kichwa. Mi ni msomi lakini msumari nilipiga, tena usiku ili wasinione. Baada ya mwezi nikawa na mpapai dume wenye msumari.

Nikachukua panga. Nimeshainua mkono nasikia ukelele kutoka kwa Mama Nyemo, na nyuma yake mama wawili wa nyumba za mbele, khanga kiunoni. "Usikate! Ukikata huo wa kwangu utazaa nini?" Kumbe jike halibebi bila dume karibu, na kwenye mtaa wetu wote mpapai dume ni huu wangu mmoja, majike ni matano, ya watu wengine. Yani mi naoga kwenye beseni, shemeji kakimbia, ili mapapai ya majirani yapate baba. Nikasema basi angalau tuchangiane maji, kila mwenye jike alete dumu moja kwa wiki. Wakacheka wote watatu, nadhani walijua natania. Sikuwa natania.

Juzi mjukuu wa Mama Nyemo kaja na sinia limefunikwa gazeti, ndani papai moja la manjano zito kama kichwa cha mtu. "Bibi kasema la mkwe wake." Nimelila nimesimama, tamu, nasema hivyo kwa uchungu. Nageuka namkuta mama Tumaini kainama kwenye chujio, anasugua zile mbegu nyeusi kutoa utelezi, anazitandaza kivulini moja moja.

"Safari hii tunaacha yote mitatu mpaka ichanue," akasema bila kuniangalia. "Na wewe usiguse."

Tumaini naye anapiga kelele bafuni, anauliza beseni la leo alipeleke wapi.