Idhini ya familia si hukumu: haki za anayelazwa kwa nguvu

Visiwani kwetu Zanzibar, mtu akichafukwa na akili, safari yake ya hospitali haianzii kwa daktari. Inaanzia kwenye kikao cha ukoo. Kwanza husomewa, pengine hupelekwa kwa mganga, na ikishindikana kaka na wajomba humshika wakamtia garini mpaka Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili iliyopo Unguja. Akiwa wa Pemba, mara nyingi na boti imo. Njia nzima anasema hataki, hana maradhi, wanamdhulumu. Hasikilizwi, na mara nyingi jamaa zake wana sababu: usiku uliopita alitaka kuitia moto nyumba, au ana siku kadhaa hali wala halali.

Mtu huyu hajashitakiwa kwa kosa lolote. Mwizi wa kuku akikamatwa hupandishwa mbele ya hakimu, huambiwa kosa lake na huweza kuomba dhamana. Huyu je, anafungiwa kwa amri ya nani, mpaka lini, na akidai kuwa ni mzima amwambie nani ambaye si yule yule aliyemleta au aliyempokea?

Katiba ya Zanzibar ya 1984 haikumsahau. Kifungu cha 14 kinampa kila mtu haki ya kuwa huru, na uhuru huo hauondolewi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kifungu cha 12 kinadai mtu asikilizwe kwa haki pale haki zake zinapoamuliwa. Aliyevunjiwa haki anaweza kwenda Mahkama Kuu. (Wanaopenda kunukuu Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 wakumbuke kuwa hiyo ni ya Bara. Afya si jambo la Muungano.) Ila haki ya kwenda Mahkama Kuu ina faida gani kwa aliyefungiwa wodini, hana simu, na kila anachosema huandikwa kuwa ni dalili ya ugonjwa?

Wanaotetea kulaza kwa nguvu wana hoja nzito. Baadhi ya maradhi haya yanaondoa kwanza ule uwezo wa kujijua kuwa unaumwa. Kumngoja mgonjwa wa namna hiyo aridhie ni kumwacha aangamie. Hadithi ya Mtume inayojulikana na kila aliyepita chuo cha Kurani inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, mmoja wao mwendawazimu mpaka apate akili. Kama hahesabiwi dhambi, wanasema, vipi tumhesabie “sitaki” yake? Tena wanauliza, kwa haki, hakimu utampata wapi Micheweni, kule Pemba, usiku wa Ijumaa? Utaratibu ukiwa mgumu, ukoo hautasubiri karatasi. Watamfunga kamba chumba cha uani, na huko hakuna daktari, hakuna faili wala mkaguzi. Anayepigania mgonjwa asilazwe na asitazame yanayotendeka nyuma ya mlango huo, uhuru anaoutetea ni wa maneno tu.

Upande wa pili umesimama juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Ibara yake ya 14 inasema kuwapo kwa ulemavu hakuwezi kabisa kuhalalisha kumnyima mtu uhuru. Kamati inayosimamia mkataba inaisoma ibara hiyo kwa ukali: hapana kulaza kwa nguvu kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hata mtu akiitwa wa hatari. Norway na Australia ziliridhia huku zikitamka kuwa kwao tiba ya lazima inabaki kuwa njia ya mwisho. Mimi pia siwezi kuifuata Kamati mpaka mwisho wa njia. Msimamo wake unataka kuwe na huduma za mtaani, wauguzi wanaofika nyumbani, mahali pa kupumzikia mtu aliyezidiwa. Bila hayo, kufunga mlango wa wodi ni kumrudisha mgonjwa chumba cha uani.

Hata hivyo Kamati imeona jambo ambalo sisi hatupendi kuliona. Jina la ugonjwa likishamganda mtu, kila mgogoro wake unakuwa ugonjwa. Kijana anabishana na ndugu zake juu ya mikarafuu ya marehemu baba, wanamkumbusha kuwa aliwahi kulazwa. Mke anadai talaka, anaambiwa amerudiwa. Ndugu ndiye mlezi, ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi wa daktari, na pengine ndiye mrithi. Jamaa wengi ni wema na wamechoka, ila wema wao haubadilishi hesabu: mtu mmoja amekaa viti vinne.

Kesi iliyo karibu zaidi nasi ni ya Gambia. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la Purohit na Moore, lililohusu sheria ya zamani ya nchi hiyo ya kuwaweka kizuizini “wendawazimu”. Uamuzi wake haukuupa ushindi kamili upande wowote kati ya hizi mbili. Tume haikuona kuwa kumlaza mtu anayehitaji tiba kunavunja haki ya uhuru ya ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika. Lakini ilikuta haki nyingine zimevunjwa: hapakuwa na njia ya kuhoji wala kupitia upya uamuzi wa kumlaza, msaada wa kisheria uliwafikia wenye kesi za kunyongwa tu, na hata majina ya kuwatweza yaliyotumika ndani ya sheria yaliugusa utu wao. Kwa maneno mengine, kosa halikuwa mlango wa kuingilia. Lilikuwa kukosekana kwa mtu wa kuuliza mara ya pili.

Na hapo ndipo fiqhi yetu, yaani sheria ya Kiislamu, inapoipinga tabia yetu wenyewe. Ile hadithi ina “mpaka” ndani yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Kishafii wanasema zuio la mwendawazimu kutumia mali yake huondoka lenyewe akili inaporudi, bila kungoja tamko la kadhi. Lazima basi awepo wa kuangalia kama imerudi.

Italia, tangu mageuzi ya 1978, inataka madaktari wawili, amri ya meya, kisha jaji, ambaye hufikishiwa amri hiyo ndani ya saa 48 na ana saa 48 nyingine za kuithibitisha. Muda ni siku saba, na kuongeza kunadai sababu mpya. Mtu atasema meya wetu ni sheha, kiongozi wa serikali wa shehia. Nina wasiwasi. Sheha ni jirani, huenda ni mjomba, na ugomvi wa shamba anaujua kwa masikio ya upande mmoja. Awe shahidi, asiwe mwamuzi. Daktari ampokee mgonjwa usiku ule ule bila karatasi, lakini saa zianze kuhesabiwa, na hakimu wa wilaya asikie habari zake hata kwa simu, kutoka kwa daktari wa pili na kwa mgonjwa mwenyewe. Sheria ya Zanzibar ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewatambua wasaidizi wa sheria. Wodi ni mahali pao kama kilivyo kituo cha polisi.

Hata hayo yote hayamfai mtu wa aina moja, anayepatikana katika hospitali za akili za nchi nyingi: aliyepona, daktari kamruhusu, na kwao hawaji kumchukua. Kwake la kufanya ni kifungu kimoja tu, kwamba anayeruhusiwa na daktari atoke kwa saini yake mwenyewe.