Kila Kompyuta na Woga Wake

Mimi nina saiba hapa Kondele, Kisumu, si kubwa, kompyuta chache na printa moja inayofanya kazi siku ikipenda, na miaka yote watu wamekuja wakafaili ritani zao, wakaprinti CV, wakalipa, wakaenda zao. Halafu kijana wa dada yangu akamaliza diploma ya kompyuta. Omera, usiombe.

Ati Anko hizi mashine zako ziko uchi. Ati hiyo sistimu ya kukraki, ile programu kuu inayoendesha mashine, ina virusi kushinda wateja. Ati tuweke zile za bure, zile msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi mtu yeyote anausoma. Mimi niliposikia bure nikakubali mbio, nani anakataa cha bure na vile rent inapanda? Sasa badala ya kuchagua moja tumalizane, akaweka kila mashine na yake, ati tulinganishe usalama. Saa hii mteja akiingia lazima kwanza nikumbuke hiyo kompyuta anayokalia inaogopa nini.

Ile ya dirishani ni OpenBSD. Hiyo ilianzishwa na jamaa wa Canada anaitwa Theo de Raadt, alikosana na wenzake wa sistimu nyingine inaitwa NetBSD wakamwambia ajitoe, 1995 akaanzisha yake, na tangu hapo kazi yao ni kupitia msimbo mstari kwa mstari wakitafuta makosa kabla mwizi hajayaona. Wanajigamba ati tangu zamani hizo ni mashimo mawili tu ya kuingilia kutoka nje yamewahi kupatikana kwa ile inayotoka ikiwa haijaongezwa kitu. Nami nasema ndiyo, kwa sababu ikiwa haijaongezwa kitu hata haifanyi kitu! Ni kama shangazi amekuja kukutembelea, siku ya kwanza amepigilia mlango wa nyuma misumari, ya pili ameziba dirisha, ya tatu anauliza mbona nyumba ina joto. Bluetooth waliitoa kabisa 2014. 2018 wakazima ile mbinu ya prosesa kufanya kazi mbili kwa kiini kimoja, ati siri zinaweza kuvuja kati ya hizo kazi, kwa hivyo mashine yangu ambayo tayari ilikuwa inatambaa sasa inatambaa ikiwa salama.

Juzi dada mmoja amekuja na intavyu ya kazi kwa video, amevaa vizuri, amejipaka, ameweka hedifoni. Anaongea, wale wa Nairobi wametoa macho tu. "Hello? Mnanisikia?" Kimya. Kumbe OpenBSD maikrofoni imefungwa tangu kiwandani, programu inarekodi vizuri kabisa lakini inachorekodi ni kimya, mpaka mwenye mashine aingie kama ruti, yaani mkubwa wa mashine anayeruhusiwa kila kitu, abadilishe namba moja kutoka sifuri iwe moja. Na mwenye mashine ndiye mimi, na paswadi ya ruti anayo huyu kijana, na kijana yuko Kibuye anakula omena. Tulipomaliza hiyo wakamwambia apandishe CV. CV iko hapo Desktop, naiona na macho yangu, brauza inasema haioni kitu. Nikampigia kijana simu. Ati Anko hiyo ni unveil, brauza inaruhusiwa kuona folda ya Downloads peke yake, ndiyo hata ikitekwa na mwizi isisome vitu vingine. Sasa mwizi ni nani hapa, si ni huyu dada na CV yake?

Ya katikati ni Debian, Linux hiyo, angalau inafungua vitu. Lakini nayo ina historia. 2006 mmoja wao alitoa kimstari kwa OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za kufungia mawasiliano, kwa sababu chombo cha kukagua makosa kilikuwa kinakilalamikia, na mpaka 2008 hakuna aliyegundua kwamba funguo zote za siri zilizotengenezwa humo zilikuwa zinatoka kwa kapu moja la funguo 32,768 kwa kila aina, yaani mwizi anazijaribu zote jioni moja na bado anawahi news ya saa moja. Nikamuuliza kijana, sasa na mwenye Linux yake anasemaje kuhusu usalama? Ati Linus Torvalds husema bagi ya usalama, yaani kosa kwa msimbo, ni bagi tu kama zingine, rekebisha uendelee. Na 2008 aliwatukana hao wa OpenBSD hadharani kwa vile wanavyosujudia usalama, tusi lenyewe siliandiki hapa kwa sababu mama mkwe yuko kwa hii mtandao.

Na kitu kinaniudhi zaidi ni kwamba hizo zote zinazowacheka OpenBSD, ukitaka kuingia sava kutoka mbali unatumia OpenSSH, na OpenSSH waliitengeneza haohao 1999. Mnamcheka shangazi na kufuli ni lake.

Ile ya kona ni Tails. Hiyo ukiizima inasahau kila kitu, ndiyo kazi yake, imetengenezewa watu wanaofuatwa. Kijana wa Maseno akaketi hapo akaandika projekti, akasevu, tena alisevu vizuri, mara stima ikapotea. Iliporudi Tails haimjui yeye, haijui projekti, hainijui mimi. Salama kabisa. Nilimpa soda.

Qubes iligoma kuingia, inataka RAM isiyopungua gigabaiti 6, na wenyewe wanashauri 16, ili kila kazi ipewe kompyuta yake ndani ya kompyuta. Mimi RAM hiyo sina hata nikijumlisha na za jirani.

Halafu kijana akaniambia ile ya 2024, ya xz, kiprogramu cha kubana faili kinachokaa ndani ya Linux. Mtu alijiita Jia Tan, zaidi ya miaka miwili anasaidia watu bure, mpole, mchapakazi, mpaka akapewa funguo za mradi, kumbe anaficha mlango wa kuingilia sava za Linux dunia nzima. Aliyemshika ni Andres Freund, aliona SSH inachelewa nusu sekunde akashuku. Nusu sekunde! Mimi hapa kitu kikichelewa nusu sekunde tu nampigia fundi simu kumshukuru. Lakini huyo Jia Tan namjua, si yeye, aina yake. Hapa Kondele anakuja anakusaidia kufagia, anakushikia duka ukienda choo, na mwezi wa tatu huoni modemu.

Na hao ndio hakuna sistimu inawashughulikia. Jana mzee ananiitisha kutoka mlangoni, "Niandikie hapo paswadi ni jina la mtoto wa kwanza na mwaka aliozaliwa!" na foleni yote inasikia, na yuko kwa ile ya OpenBSD yenye ulinzi wa ajabu. Jioni mausi ya mashine hiyohiyo ikaibiwa.

Nikamwambia kijana rudisha ya zamani. Ameniambia nitulie, bado kuna NetBSD, hiyo yao kubwa ni kuingia kwa kila kitu, ati 2005 waliiendesha hadi kwa tosta. Tangu aseme hivyo naona anaizunguka friji ya mama wa soda hapa nje, anauliza ina prosesa gani.