Mmekataa ghorofa la wapangaji, sasa hao watu wakakae wapi?

Mkutano wetu wa mtaa hapa Mwanza juzi ulikuwa na ajenda moja tu: kile kiwanja cha umma kilichojaa magugu kijengwe maghorofa ya kupangisha watu wa kipato cha chini au kisijengwe. Watu wakanyoosha mikono kukataa, karibu wote, tena na makofi juu. Makofi ndo yameniuma. Mtaa siutaji maana ni majirani zangu na nawaheshimu, ila yaliyosemwa pale siwezi kuyanyamazia.

Mzee mmoja, mtu mzima wa kuheshimika kabisa, akasimama akasema wakija wapangaji wengi utakuja uhuni, bangi na wizi wa betri za magari. Mama mmoja akasema bei ya viwanja itashuka. Mwingine akasema hao waende huko Kisesa kuna mapori. Jamani, hao ni akina nani? Ni binti anayefungasha dagaa pale Mwaloni Kirumba, ni mlinzi anayelala getini kwako, ni mwalimu wa ajira mpya anayemfundisha mwanao, ni kijana wa bodaboda unayempigia saa tano usiku mtoto kapandisha homa, na anakuja. Wote wako mjini tayari. Sensa ya 2022 ilikuta wilaya mbili za mji wetu, Nyamagana na Ilemela, peke yake zina watu zaidi ya milioni 1.1, mkoa mzima karibu milioni 3.7, na watoto wa hao watu nao wanakua wanataka vyumba vyao.

Mtu akikosa chumba tambarare anapanda mlimani, sote tunajua. Mabatini, Igogo, Bugarika, milima yote ile imejaa nyumba mpaka kwenye vichwa vya mawe, na sio kwamba watu wanapendaga kupanda. Mimi nimekaa Mabatini juu nilipoanza kazi. Chumba changu kilikuwa na kuta tatu za tofali, ya nne ilikuwa jabali lenyewe, mwenye nyumba kalipaka chokaa. Masika jabali lilikuwa linatoka jasho, maji yanachuruzika taratibu mpaka chini ya godoro, shati la kazini linanuka uvundo hata ulianike vipi. Maji ya ndoo unanunua kwa vijana wanaopandisha begani, kwa hiyo aliye juu kabisa na asiye na hela ndo analipa ndoo bei kubwa kuliko wewe mwenye bomba uani. Usiku mmoja jirani yangu akashikwa na uchungu, bodaboda haipandi kule, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki tukamshusha wanaume wanne, jiwe hadi jiwe, dada yake anatumulikia na tochi ya simu huku analia. Alijifungua salama, nashukuru Mungu. Lakini majeneza nayo yanashukaga kwa njia hiyo hiyo, na mvua zikizidi kuna mawe yamewahi kuporomoka yakaua watu wamelala ndani kwao.

Sasa hoja ya majitaka, ambayo ndo ilipigiwa makofi zaidi. Hapa nakubali kidogo. Presha ya maji ya mtaa wetu mnaijua, na ghorofa likijengwa bila kuunganishwa na bomba la majitaka chemba zitafurika barabarani. Sawa, basi tudai bomba litangulie ndo msingi uchimbwe, hiyo ningeinyooshea mikono miwili. Ila mtu anayeogopa majitaka afu anamrudisha mpangaji mlimani nashindwa kumwelewa, kwa sababu juu ya mwamba choo hakichimbiki. Shimo linaishia mahali jiwe limeanzia, kina kifupi, linajaa haraka, gari la kunyonya halifiki, na mvua kubwa ikija wapo wanaofungulia usiku maji yaondoke nayo. Yanaenda wapi? Yanashuka kwenye mitaro mpaka Mto Mirongo, Mirongo unakatiza katikati ya mji unaingia ziwani, na ziwani ndo tunapotega maji yetu, pale Capri Point tangu zamani na sasa Butimba. Ndo maana kipindupindu kikianza mji huu hakiulizi nani mwenye nyumba nani mpangaji. Kweli miaka ya karibuni baadhi ya milima imewekewa mabomba madogo ya majitaka na imesaidia sana, lakini sio kila nyumba imefikiwa.

Kuhusu bei ya viwanja nina la kuuliza moja tu. Wengi waliosema kwa sauti pale wana vyumba vya uani wanapangisha, na wanadai kodi ya miezi sita mkononi, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, kwa mtu ambaye mshahara wake unakuja mwisho wa mwezi au haujui utakuja lini. Je hofu ni uhuni au ni mpangaji kupata pengine pa kwenda? Wazee wangu mnisamehe ila nimeuliza.

Na serikali isijifiche nyuma ya mikono yetu. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, kwa sababu wakubwa wa wakati ule waliona mtu wa kawaida hawezi kuachwa apambane mwenyewe na soko. Leo ukisikia tangazo la nyumba za bei nafuu unakuta ni za kuuza, kwa mkopo wa benki, na benki inataka salary slip. Mama anayeuza uji Igoma stendi salary slip ataitoa wapi? Yeye anahitaji nyumba ya kupanga, yenye kodi ya mwezi kwa mwezi, ambayo mwenye nyumba hawezi kuamka akamtolea vyombo nje. Na isisemwe haiwezekani. Magomeni Kota kule Dar kaya 644 zilivunjiwa, zikahangaika miaka mingi, lakini maghorofa yalijengwa na 2022 Rais akaenda kuyazindua. Hapa kwetu stendi ya Nyegezi imesimama, ya Nyamhongolo imesimama, kwa hiyo hela ya kumwaga zege ipo watu wakiamua.

Mwenyekiti kasema suala linarudi kwa diwani. Mimi naandika barua yangu wiki hii, nataka ikae kwenye faili pamoja na muhtasari wa mkutano: bomba la majitaka kwanza, ghorofa zisizozidi nne, vyumba vya kupangisha visiuzwe hata kimoja, kodi ya mwezi mmoja mmoja, na orodha ya wapangaji ibandikwe ofisi ya kata kila mtu aisome, maana bila hiyo orodha vitagawanwa kwa kujuana. Jirani yeyote anayetaka kusaini aje nyumbani jioni, hata aliyenyoosha mkono kukataa.